Kuze Niliyoichora Ubaoni

Somo la utangulizi wa jiografia ya binadamu nilipewa mimi nilifundishe, na walimu wenzangu wenye shahada wakanitazama kwa pembe ya jicho. Waache watazame. Stashahada yangu niliipata ng'ambo, katika mji wa baridi, nikiosha sahani mchana na kusoma jioni, bila mjomba wala mfadhili. Miaka kumi na tisa. Niliporudi Mombasa nilipanga nyumba Buxton, ghorofa ya saba, karibu na chuo. Jioni nasahihisha kazi za wanafunzi, napika chakula cha mtu mmoja, naosha sahani moja. Hakuna anayepiga hodi.

Wiki ya tatu niliwafundisha kwamba mahali si mistari ya ramani tu. Ni watu wanaopajua na wanaojulikana hapo. Kisha nikashika chaki, nikaichora Kuze, mtaa wetu, kwa kichwa: kila kichochoro, kila msikiti, kisima kilichofukiwa, nyumba niliyozaliwa. Sikufuta hata mara moja. Darasa likapiga makofi.

"Alhamisi tutakwenda kuihakikisha," nikawaambia. "Mtaona mtaa unavyompokea mwanawe."

Ukweli ni kwamba mapokezi hayo nilikuwa nikiyangoja mwenyewe. Miezi minane tangu nirudi sikuwa nimeingia Kuze. Nyumba yetu iliuzwa mamangu alipofariki, nami nilikuwa na mtihani, sikuja kuzika. Sikutaka kuingia mikono mitupu. Sasa nilikuwa na wanafunzi kumi na wanane nyuma yangu.

Ramani ilikuwa sahihi. Wanafunzi walijaribu mara mbili kunikamata na kosa, wakashindwa, nami nikatembea kifua mbele mpaka kwenye duka la viungo. Barazani, pamoja na majirani wawili, alikuwa ameketi mwenye duka, rafiki yangu wa madrasa, tuliyekuwa tukichapwa naye fimbo moja. Ndevu zimeingia mvi. Alinitambua papo hapo.

"Ni wewe? Masalkheri! Ati leo ni mwalimu, wewe uliyekuwa ukitoroka madrasa ukaogelee!"

"Na wewe ndiwe uliyekuwa ukinichongea kwa maalimu."

Tulicheka, tukakumbatiana. Nikainama niketi kando yake, kwenye jiwe lile tulilolikalia tangu utotoni.

"La, la! Utachafua suruali yako. Jamani, toani kiti!"

Kiti cha plastiki kikatolewa ndani, kikapanguswa kwa kitambaa. Mtaani petu kiti hutolewa kwa mgeni: daktari, wajumbe wa posa, mtu wa serikali. Mwenyeji hukaa kwenye jiwe. Viti kama hivyo nimevitoa sana mimi mwenyewe, kwa amri ya mamangu. Nikaketi, kichwa changu juu ya vichwa vya wenzangu.

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa bara ambaye babake anafanya kazi bandarini, alikuwa amekwisha kuketi kizingitini mwa nyumba ya pili, kati ya wanawake wawili waliokuwa wakimenya vitunguu saumu. Kumbe yeye na wazazi wake wamepanga chumba uchochoro wa nyuma.

"Mwanangu," rafiki yangu akamwita, "mamako mguu umepoa?"

"Umepoa, baba, lakini hasikii. Jana alishakwenda sokoni."

"Mwambie nakuja kumfunga kamba!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, bila kujua mguu uliumia vipi.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, bwana, utaketi Mombasa siku ngapi?"

"Nimerudi. Naishi Buxton. Miezi minane sasa."

Akalivuta birika la kahawa. Kutoka Buxton mpaka pale ni mwendo wa miguu tu, na yeye aijua njia kama mimi.

"Mashallah," akasema, akanimiminia kahawa kabla ya mtu mwengine yeyote.

Nilipoinuka, wanaume watatu wakainuka pamoja nami. Nikawaambia wakae, njia naijua.

"Hasha!" rafiki yangu akasema. "Mgeni hatoki peke yake."

Wakanisindikiza hadi barabara kuu, wakipunguza mwendo kwa ajili yangu, wakinionya penye maji machafu. Wanafunzi walitufuata wakiandika. Yule binti alibaki kizingitini, kisu mkononi. Barabarani tukapeana mikono, kila mmoja kwa zamu yake. Nilipogeuka kuwaaga tena, walikuwa wameshaanza mazungumzo mengine, migongo yao ikirudi mtaani.