Marahaba ya Heroe

Heroe hawajui kuitikia salamu, kwa hiyo nilikuwa nikiwaitikia mimi. Kila Jumamosi asubuhi gari lilisimama kando ya maji ya chumvi wanakoshinda ndege hao wa rangi ya waridi wamesimama kwa mguu mmoja, mtoto akateremka, akavuta gauni lake likakaa sawa, akasema, "Shikamoo." Mimi nyuma yake nabana pua, namjibu kwa sauti nyembamba: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Hapo aliridhika, tukaendelea na safari. Asiposikia jibu haondoki, hata umpe nini.

Mtoto hakuwa wangu. Bora niliseme hilo mapema, maana nilikuwa na tabia ya kulisahau. Alikuwa wa madam na sir, watu wa nchi ya baridi waliopanga nyumba Mirdif, Dubai, nami nilikuwa yaya wao tangu hajaota jino. Siku ya kwanza kabisa madam aliniambia niseme naye lugha yangu, kwa kuwa amesoma mahali kwamba lugha ya ziada ni zawadi kwa mtoto. Nilishukuru Mungu. Kiingereza changu kilikuwa cha dukani: njoo, kula, hapana, bei gani. Huwezi kumlea mtu kwa maneno hayo.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, na nimelelewa na nyanya ambaye ukimpita mkubwa bila kumwamkia alikufinya sikio ukaona nyota mchana. Basi adabu hiyo ndiyo niliyokuja nayo, sikuwa na nyingine. Mtoto alipoanza kusema tu, nikamfundisha shikamoo, naye akaipokea kuliko nilivyotarajia. Alimwamkia mtunza bustani na mleta gesi, na walipokwisha watu akawageukia wanyama.

"Hata paka?" dereva wetu aliniuliza siku ya kwanza kuliona hilo. "Paka huyu wa juzi, keshafika umri wa kuamkiwa?"

"Muitikie, ami," nikamwambia, "ama tutalala hapa."

Huyo dereva alikuwa mzee wa Unguja, mcheshi, mvi zake zote zimemwotea Dubai. Nilimwita ami naye aliniita mwanangu, na kazi yetu ya Jumamosi ilikuwa moja: kumzungusha mtoto na mama yake kabla jua halijakasirika. Tulianza kwa heroe, kisha tukakatisha Deira mpaka kwenye visiwa. Visiwa hivyo si vya Mungu, ni vya mitambo. Mchanga umemwagwa baharini, kikafuata kisiwa na daraja, kisiwa na daraja. Ami hakuvikubali. "Kisiwa ambacho hakuna mtu aliyezikwa ni kisiwa gani?" alisema kila tukipanda daraja la kwanza, na madam akauliza amesema nini, na ami akamjibu kwa Kiingereza kwamba anasifu mandhari.

Kila kituo kilikuwa na mwenyewe. Baada ya daraja la kwanza kulikuwa na ukuta wa mawe makubwa, na kwenye mawe kaa wakikimbia upande, na juu yao mnandi, yule ndege mweusi anayezamia samaki kisha akasimama kuanika mbawa. Kaa niliwapa sauti ya kukwaruza. Mnandi nilimpa sauti ya khatibu wa Ijumaa, na ami alicheka mpaka akapangusa macho. Kisiwa cha pili kilikuwa kitupu, uzio na mchanga, lakini hudihudi walitembea humo na vishungi vyao wakidonoa kama watu waliopoteza pete. Hao walikuwa na haraka, nikawafanya waitikie mbio mbio. Mwisho kabisa palikuwa na ufuo na kibanda cha chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, na paka wa ufuoni aliyelala chini ya meza. Paka aliitikia kwa uvivu, "Marahabaaa," na mtoto alilala chini kwa kicheko.

Madam naye alicheka siku hizo. Alitupiga picha. Alikuwa mwanamke mwema na nasema hivyo nikiwa na akili zangu, ingawa iko miezi sikuweza kulitamka.

Mambo yaligeuka mtoto alipofika umri wa shule. Walimpeleka kwenye shule moja kuombewa nafasi. Niliyapata kwa ami, ambaye alimsikia madam akimsimulia sir kwenye simu garini. Mwalimu alikuwa amemwekea mtoto picha za wanyama ataje majina. Mtoto kwanza alimwamkia. Alisema shikamoo, akangoja. Mwalimu asingejua, angejuaje, akaendelea na picha zake. Na mtoto, kwa kuwa hajaitikiwa, hakutamka neno tena mpaka wakatoka. Wazazi wakaambiwa kwamba binti yao hana lugha.

Hana lugha. Mtoto aliyemjua mnandi kwa jina, aliyeniambia hudihudi mmoja "ana maringo", hana lugha. Niliposikia nilikuwa nakata vitunguu, na navishukuru vile vitunguu, maana nililia bila kuulizwa.

Jioni madam alinikalisha jikoni. Aliongea polepole nipate kuelewa. Kuanzia leo ni Kiingereza tu, Kiswahili khalas, hata kidogo, hata wimbo. Nikasema, "Yes, madam." Ningesema nini? Yeye ndiye mama, nyumba ni yao, viza yangu iko kwa sir. Nami nilipoingia chumbani kwa mtoto kumlaza, nilitafuta maneno ya kumwambia usiku mwema yenye utamu niliouzoea, sikuyapata. Nilimfunika shuka tu.

Jumamosi ikafika. Tulisimama kwa heroe kama kawaida. Mtoto akateremka, akavuta gauni.

"Shikamoo."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Say good morning," madam akamwambia, akachuchumaa karibu naye. "Good morning, birds."

Mtoto alimtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akawageukia heroe akapaza sauti, kwani labda hawakusikia. "Shikamoo!" Ami alikohoa ndani ya gari. Heroe waliendelea kuchuja matope yao. Basi mtoto akaja kunishika kidole, akaniuliza kwa kunong'ona, "Yaya, wamenuna?"

Neno kununa nalijua kwa Kiswahili tangu nikiwa mdogo. Nimenuniwa na kununa. Kwa Kiingereza sikulijua, na sikujua nisemeje kwamba hawajanuna, kwamba wanakupenda, kwamba ni mimi niliyefungwa mdomo. Niliyatafuta maneno kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na mtoto ananingoja na macho yake.

"No," nikasema. "Birds good."

Akaniachia kidole. Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile.

Kwenye mawe ya kaa aliteremka mbio kabla hatujamshika. Nadhani aliona dawa ni kuwasogelea, wakiwa karibu watasikia. Akateleza. Goti likachanika, damu ikatoka, akasimama pale mikono juu akilia, "Nibebe! Nibebe!"

Madam alifika wa kwanza. Alipiga magoti juu ya mawe yale yenye ncha, akafungua mikono yake yote miwili, akawa anamwambia, nini, mpenzi, unataka nini, sema unataka nini. Mtoto alikuwa anasema. Alikuwa anasema wazi kuliko muezini. Mama alikuwa tayari kumpa kile kile anachokiomba, mikono iko wazi, na hajui kama hicho ndicho anachoombwa. Mtoto akampita pembeni akaja kwangu. Nikambeba. Nisingembeba?

"Anasemaje?" madam alimuuliza ami. "Hilo neno, nibebe, ni nini?"

Ami aliangalia bahari kwanza. "Anaomba abebwe, madam," akasema kwa Kiingereza.

Madam alibaki chini kidogo, mikono bado hajaikunja. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na mtoto analoweka bega langu kwa machozi. Wakati ule nilijua mimi ni wa kuondoka. Hakuna mama anayeweza kuliona lile mara mbili.

Aliniambia mwenyewe, hakumtuma mtu. Alisema si kosa langu, nilifanya nilichoombwa. Alilia yeye kabla yangu. Sir alinipa muda wa kutafuta kazi nyingine, hawakunitupa, lakini waliomba niondoke mtoto akiwa amelala mchana, ili kusiwe na vilio. Nikaenda mlangoni kwake nikasimama. Sikuingia, maana alikuwa na usingizi mwepesi. Nyanya alikuwa na methali ya kuwasuta watu wenye kiburi cha vitu si vyao: nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilikuwa nikiicheka nikiwa mdogo kwa sababu ya lile neno la mwisho. Siku ile ilinivua nikabaki uchi.

Ami alinipeleka Al Nahda, kwenye chumba cha kupanga kitanda nilichopata kwa dada wengine wa Kenya. Njiani hakufanya mzaha hata mmoja. Wakati wa kushusha sanduku akasema tu, "Miye n'takuangalizia kazi, mwanangu, inshallah." Na kweli aliangalia. Mwenye kile kibanda cha karaki ufuoni alikuwa anataka mtu wa kumimina chai, ami akanisemea. Watu chumbani walisema nimebahatika, kazi ya kutazama bahari. Sikuwaambia kwamba naona pia barabara, na kwamba kila Jumamosi nilijua kila gari jeupe, kama lile letu, linaloshuka darajani.

Hawakuja. Joto likaingia, heroe wakapungua, watu wakajifungia ndani na viyoyozi vyao. Ami alinipigia mara moja moja. Mtoto amepata shule. Mtoto anasema Kiingereza kama redio. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, na nilikata simu upesi.

Joto la mwaka wa pili lilipokwisha, Jumamosi moja, gari lilishuka darajani.

Alikuwa amerefuka. Meno mawili ya mbele hayapo. Madam alinitambua kutoka mbali, akanikumbatia vizuri kabisa, akamwambia mtoto, tazama ni nani, unamkumbuka yaya wako? Mtoto alinitazama kwa adabu, kama wanavyotazamwa watu wazima wasiojulikana.

"Hello," akasema.

"Hello," nikasema na mimi. Hiyo ninaijua.

Nikaenda kumimina chai. Mtoto akaona paka, yule yule, ameongezeka uvivu. Akamsogelea chini ya meza, akavuta gauni lake likakaa sawa, akasema, "Hello, cat." Kisha akanyamaza. Hakumgusa, hakumwita tena. Alisimama tu, kichwa ameinamisha upande mmoja, anangoja.

"Hufanya hivi kila mahali," madam aliniambia, akipokea kikombe. "Kwa ndege, kwa kaa, wote. Anawasalimu halafu anasimama. Tumemuuliza anangoja nini, anasema hajui."

Ami alikuwa ameegemea mlango wa gari. Alinitazama, akatazama mchanga. Mikononi nilikuwa na kikombe kingine, kinaniunguza vidole, na neno liko mdomoni, limefika kwenye meno. Lakini hello haiitikiwi hivyo. Na hata ingeitikiwa, ningekuwa namrudisha wapi mtoto aliyekwisha kuvuka? Mama yake siku hizi anaongea naye, na mtoto anamwelewa, na yeye anamwelewa mtoto. Hicho ndicho tulichokuwa tumekilipia sote.

Alingoja sana. Kisha madam akamwita, yalla, tunakwenda, naye akaja bila kugoma. Kwenye mlango wa gari aligeuka mara moja kumtazama paka. Akapanda, akafungwa mkanda.

Gari likashika daraja. Nikachukua kitambaa, nikafuta meza walipoacha kikombe, na paka akanyoosha mguu.

"Marahabaaa, mwanangu," nikasema kwa sauti yake ile ya uvivu, ingawa hakuna aliyeniamkia.