Pole Kabla ya Asante

Wiki hii, kwenye kaunta ya chuo kimoja cha Mbarara, nilimkuta mama Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na kikapu cha maharage. Binti yake amepata ufadhili wenye jina la marehemu mke wa mkuu wa chuo. Karani akamsogezea fomu ya shukrani.

"Asante ingoje," mama akasema. "Kwetu hatupokee kitu ya marehemu mbele ya kutoa pole. Bwana yake iko wapi?"

"Mama, huyo alikufa zamani."

"Kwangu amekufa juzi, siku barua ya ufadhili ilifika."

Mkuu mwenyewe alikuwa akipita, akasikia. Akasimama, akavua miwani, akaketi naye benchini kama watu wa matanga.

Fomu za shukrani zimejaza kabati zima pale. Ya pole hawajawahi kuichapisha.