Balozi wa Bergen Aliyeteuliwa na Sisi

Balozi amefariki. Msihangaike kutafuta bendera zinazopepea nusu mlingoti katika mtaa wa ofisi za kibalozi hapa Washington, hamtaziona, kwa sababu huyu hakuteuliwa na serikali yoyote. Alikuwa mwegesha magari katika hoteli moja ya Alexandria, mzaliwa wa Uvira, mashariki ya Kongo, na cheo hicho tulimpa sisi kwa sababu hakuchoka kuuwakilisha mji wa Bergen, ulioko pwani ya magharibi ya Norwei. Vita vilimtoa Uvira. Wakimbizi walipogawiwa nchi, yeye akaangukia Bergen na mkewe na binti yao mdogo. Mkewe akafia huko. Binti alipokua akapata kazi ya uuguzi huku Virginia, na baba akamfuata. Majuzi moyo wake ulisimama akiwa kazini, amevaa sare. Nimehuzunika, na naomba wasomaji wangu waniamini, maana nimehuzunika kuliko nilivyotarajia kwa mtu aliyekuwa akinichosha kiasi kile.

Sisi wa huku tukikutana, desturi yetu ni kila mmoja kuusifia mji wake. Mzanzibari atakwambia hakuna milango duniani kama ya kwao, Mmombasa atacheka, Mrundi atalitaja ziwa, na wote watakula na kurudi kwenye maghorofa yao ya Silver Spring, ambako wameishi miaka mingi bila kumjua jirani. Huo ni mchezo halali. Balozi aliwaudhi watu kwa sababu alicheza na mji ambao, kwa kanuni zetu, haukuwa wake. Alieleza jinsi Bergen ilivyokaa katikati ya milima saba, bahari ikaingia hadi katikati ya mji, na visiwa vikajipanga mbele kuzuia mawimbi makubwa. Alieleza kwamba unaweza kuondoka kwenye soko la samaki, ukapanda treni ndogo, na kabla hujamaliza kufunga vifungo vya koti uko juu ya mlima, paa za nyumba ziko chini ya viatu vyako. Mvua hakuificha. Alisema inanyesha karibu kila siku, na alisema hivyo kwa fahari ya mtu anayemsifia mtoto mtundu. Redio ya hapa ikitangaza theluji kidogo tu, sisi tunayavamia maduka na kubeba mikate na maziwa utadhani tunazingirwa na jeshi. Yeye alikuwa akikutana nasi njiani, mikono mifukoni, akitupa pole.

Sitaisahau ile harusi. Ukumbi umejaa, pilau inanukia, na mshereheshaji, kwa kosa ambalo hajalirudia tena, akampa Balozi kipaza sauti ili awape maharusi maneno mawili ya busara. Balozi akaanza na mfalme aliyeuanzisha mji, karibu miaka elfu iliyopita. Akatoka kwa mfalme akaja kwa samaki wakavu walioletwa kutoka kaskazini, akatoka kwa samaki akaja kwa wafanyabiashara wa Kijerumani waliowanunua na kuleta nafaka. Wajerumani hao, akasema, walikaa gatini katika nyumba za mbao zilizobanana, na kwa kuogopa moto hawakuruhusiwa kuwasha hata jiko la kujipasha joto mle ndani, majira ya baridi kali, na juu ya hayo hawakuruhusiwa kuoa. Bibi harusi akaanza kujipepea. "Basi wanangu," Balozi akamalizia, "mushukuru Mungu. Nyinyi mumeruhusiwa kuoana, na muko na hita." Muziki ulikuwa umeshafunguliwa. Watu walicheka hadi wakalia, lakini nakiri kwamba katika nasaha zote za ndoa nilizozisikia hapa Marekani, hiyo peke yake ndiyo ninayoikumbuka.

Sasa amekufa, na sisi tukafanya tunachokijua kuliko vyote: tukaunda kamati. Kamati zetu za msiba zina kasi ya ajabu. Mtu ambaye hajawahi kufika kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa wakati atakuwa mweka hazina kabla marehemu hajatolewa hospitalini. Kufikia jioni tulikuwa na mwenyekiti, katibu, kundi la simu lenye mabishano, na azimio: mwili unarudishwa nyumbani, Uvira. Hakuna aliyemuuliza binti. Kwetu swali hilo haliulizwi. Mtu akifa huku, kamati hutazama alikozaliwa na kuanza kutafuta ndege. Binti alisikia habari hiyo sebuleni kwake mwenyewe, Alexandria, akiwa amebeba sinia la vikombe vya chai.

Akaliweka sinia chini. Akasema babake atazikwa Bergen.

"Sasa dada, hiyo maneno tumeshamaliza," mwenyekiti alimwambia, Mkenya mpole anayependa ajenda. "Tumesha-confirm na watu wa mazishi. Na wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa."

Mzee mmoja wa Uvira, ambaye binti humwita papa, yaani baba, kwa heshima ya ukoo, akaongeza kwa upole, "Mutoto, baba yako ni muntu wa Uvira. Muntu wa Uvira banamuzika Uvira. Kule ni baridi, ni mvua, ni bazungu tupu. C'est pas chez nous, kule si kwetu."

"Papa, Uvira kumebaki nani wa kumupokea?"

Mzee akafungua kinywa kumtaja kaka wa marehemu, akakumbuka yuko kambini Tanzania. Akamtaja dada, naye yuko Bujumbura. Wapwa wako Texas, binamu yuko Australia. Aliendelea kutaja mpaka sote tukaona aibu, maana ukoo mzima ungehitaji viza kwenda kumzika ndugu yao kwao. Mweka hazina akajishughulisha na kikombe chake.

"Mama yuko Bergen," binti alisema. "Papa wangu alimuzika yeye mwenyewe. Alichagua fasi ya juu kwenye mlima, inaona maji, akasema fasi ya pembeni ni yake. Alikuwa anawaambia kila siku, lakini akifika kwenye ule mlima munamunyang'anya mikrofoni."

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye karatasi yake, nadhani ili asimtazame. Azimio lilifutwa siku hiyohiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nijiunge na kamati hizi.

Mazishi tuliyatazama kwenye skrini katika ukumbi wa kanisa Silver Spring. Mvua ilikuwa ikinyesha, kama kawaida ya mji ule. Waliosimama kaburini walikuwa binti, Wakongo wa huko na wazee wachache wa Kinorwei waliokuwa wakifanya naye kazi kwenye ghala la samaki, na mmoja wao alilia kuliko sisi sote. Yule mzee wa Uvira alitazama milima, akasema, "Bamemufikisha kwake."

Mwenyekiti, ambaye hawezi kuuacha mkutano uishe bila azimio, akapendekeza kila mwanachama aseme mapema anataka kuzikwa wapi. Mzanzibari wa milango akatazama simu yake. Nilipoulizwa mimi nilikitaja kijiji chetu haraka haraka, nikaketi. Tulipofika nyumbani mke wangu akavua viatu na kuniuliza kuhusu mama yake, ambaye tulimzika hapahapa Maryland: "Na mama yangu tutamwachia nani?" Jibu alikuwa nalo Balozi, na alikuwa tayari kutupa bure kila tulipokutana: ukishamzika mtu wako mahali, hapo wewe si mgeni tena, hata kunyeshe kila siku.