Katekista wa Wagenia aliyemfundisha baba yake vibaya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sadrack anatembea pekupeku juu ya mti unaoteleza, uliofungwa kwenye nguzo zilizosimikwa majini, na Mto Kongo unanguruma chini ya nyayo zake. Mkono mmoja umeshika kamba ya msituni. Kwa mkono wa pili anavuta kikapu kirefu chenye mdomo mpana, kinachomzidi kimo. Ndani mna samaki mmoja tu, kapiteni, tena mdogo.

"Maji imepanda, samaki inapita juu," anasema, na kukirudisha kikapu kwenye mkondo. "Bon, tutaangalia tena mangaribi."

Sadrack ana miaka hamsini na mmoja, na thelathini na sita kati ya hiyo ameimalizia hapa kwenye maporomoko ya Wagenia, Kisangani. Jumamosi alasiri huvaa shati safi na kwenda parokiani kufundisha katekisimu. Kwa miaka kumi na tisa amewaandaa watu wazima kwa ubatizo. Mmoja tu ndiye aliyemshinda, naye ni mzee aliyemzaa.

Papa Nephtali ana miaka themanini na miwili, na kifua kinamsumbua. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kusimika majini nguzo za kutundikia vikapu vya samaki. Eti kazi ilimnyima muda wa kwenda kanisani. Ndivyo anavyojitetea, na majirani hucheka. Mkewe alipofariki mwaka jana, aliomba afundishwe ili abatizwe. Sadrack anasema siku hiyo alilia kwa furaha, wala haoni aibu kulisema.

Siku ya mtihani mambo yakaharibika. Mbele ya waumini, Padri Timothée aliwauliza wanafunzi, mmoja mmoja, kama Mwana wa Mungu alikuwapo kabla Maria hajamzaa. Kumi na mmoja walijibu ndiyo. Papa Nephtali akajibu hapana.

"Padri alimuuliza tena, polepole," anakumbuka Yolande, mke wa Sadrack. "Siye bote tulikuwa tunamufanyia alama: sema ndiyo, Papa, sema tu. Akatuangalia, akasema hapana mara ya pili."

Wale kumi na mmoja walibatizwa. Mzee alirudi nyumbani kwa miguu.

Sadrack anakiri kwamba kosa lilikuwa lake. Hapa kila familia ina nafasi yake ya kuvulia kwenye maporomoko. Baba humwachia mwana, na mwana hathubutu kusimika hata mti mmoja kabla baba hajamwonyesha mahali. Akitaka kurahisisha somo, Sadrack alikuwa amemfundisha Kristo kama mwana aliyepewa nafasi na baba yake.

"Nilizani nimepata mufano muzuri sana," anasema. "Kumbe njo nilimufungia Papa mulango."

Tunamkuta mzee amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani. Anaongea kwa vituo, akitafuta pumzi.

"Mutoto anapokea nafasi, donc baba alikuwa kwanza. Kulikuwa siku moja mutoto hakukuwako. Sasa munataka niseme alikuwako? Siwezi kudanganya Mungu ndani ya nyumba yake."

Miezi minne baba na mwana walibishana. Sadrack alimsomea Maandiko, mzee akasikiliza hadi mwisho na kutikisa kichwa. Ikafika mahali Yolande akapiga marufuku mazungumzo hayo wakati wa kula.

Kisha mafuriko yakang'oa nguzo za familia. Sadrack na ndugu zake walihangaika siku tatu kuzisimamisha upya. Aliporudi, baba yake alitaka kujua ni zipi zilizoanguka, na akaanza kutaja aliyesimika kila moja mwanzoni: yeye mwenyewe, baba yake, babu yake.

"Akaniuliza, na mutu wa kwanza kabisa, alifika hapa akakuta nini?" anasimulia Sadrack. "Nikasema, alikuta maji. Kiisha Papa akasema: 'Mwana, weye unaweka Yesu kati ya nguzo, njo maana sikumuona. Kila nguzo iko na siku yake ya kusimama. Yeye iko upande wa maji.'"

Sadrack alikimbia kwa padri kabla usiku haujaingia. Padri Timothée alimkumbusha kwamba hata maji yaliumbwa, na kwamba hakuna mfano unaotosha. Lakini mzee, alisema, ameelewa: Mwana hana siku ya kuanza. Atamuuliza tena Jumapili ya Pasaka, wiki sita kutoka sasa.

Wiki sita ni nyingi kwa kifua kile. Juzi pumzi ilipokatika kidogo, Sadrack alimletea kikombe cha maji kitandani, maana katekista anaruhusiwa kumbatiza mtu aliye karibu kufa. Mzee alikisukuma.

"Akasema, nilikatala mbele ya batu, nitaitika mbele ya batu." Sadrack anafuta macho kwa kiganja. "Naogopa. Nasema kweli, naogopa kila asubuhi."

Kwa sasa anasuka kiti cha fito na kamba za msituni, chenye mikono minne ya kushikia, ili wanaume wambebe baba yake juu ya mawe hadi kanisani. Majirani wamemshauri atengeneze machela, mgonjwa apumzike. Sadrack amekataa.

"Papa hatabebwa amelala," anasema. "Mutu anayeenda kujibu anakaa."