Koni Mbili za Kiilu

Watu wakiniuliza marehemu mume wangu Kiilu alikuwa mtu wa namna gani, nawaambia alikuwa fundi. Nakomea hapo, maana nikiendelea nitatapika.

Alichonga twiga katika banda la Mativo, ndugu yangu wa tumbo moja, ole wangu mimi. Banda lile! Wanachukua mti wa mjakaranda, mweupe pee, wanaupaka rangi ya viatu, wanausugua mpaka unang'aa, mtalii anauziwa mpingo. Vinyago vingine Mativo alikuwa akivizika nyuma ya choo, na vikifukuliwa vinaitwa vya mababu. Mababu wa nani? Babu yetu alifuga nyuki, hakuwa na kinyago hata kimoja nyumbani kwake. Tulikaa Dandora, na harufu ya jaa niliizoea. Ya Mativo sijaizoea mpaka leo.

Kiilu naye ilimchefua. Akirudi jioni alisugua mikono kwenye karai huku akilalamika, "Mama Nthambi, nimechonga uongo mpaka nimeota sugu." Namwambia, basi acha. Anajibu, niache niende wapi? Kisha anavuta sahani, anakula.

Binti yetu Nthambi alikuwa Fomu Faivu, mwaka wa themanini na tano. Mwalimu wake wa hesabu, Norah Aoko, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alimchagua kwenda mashindano ya sayansi ya Nairobi. Akishinda huko, anaendelea hadi ya taifa zima. Mtoto aliweka roho yake yote hapo. Hata kula alikuwa anasahau.

Siku moja akamwambia baba yake anataka achongewe koni mbili, kama faneli mbili zilizogusana ncha kwa ncha, moja ikitazama juu na nyingine chini.

"Za nini?" Kiilu akauliza.

"Za wakati, baba. Urefu, upana na kimo unavijua. Wakati ni wa nne. Lakini huwezi kuujumlisha na hivyo vitatu hivi hivi tu. Kwanza unauzidisha kwa kasi ya mwanga, upate kuwa umbali. Halafu unauzidisha kwa namba ya kufikirika, ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inatoa hasi moja."

"Namba ya kufikirika!" nikadakia. "Kama nyongeza ya mshahara wa baba yako."

"Mathe, ngoja kwanza! Ukishafanya hivyo, unajumlisha vyote vinne kwa kanuni ile ile tunayopimia umbali wa kawaida. Ila upande wa wakati unatoka na alama ya kutoa. Kwa hiyo jumla inaweza kuwa sufuri, na pale inapokuwa sufuri ndipo mwanga unapopita. Huo ndio ukuta wa koni. Hapa kwenye ncha upo wewe, sasa hivi. Koni ya juu ni yote unayoweza kuyafikia, ya chini ni yote yaliyoweza kukufikia. Yaliyo nje, hata ukimbie vipi, huyafikii."

Kiilu akauliza, "Kwa hiyo hiyo alama ya kutoa ndiyo inayokataza wakati kuwa njia kama njia nyingine?"

"Ndiyo hiyo, baba."

Wee! Alichonga jamani. Mwalimu Norah alikuja na kipimapembe, akapima ukuta wa koni, nyuzi arobaini na tano sawasawa. Kiilu akakataa kuzipaka kitu chochote. "Hizi zitabaki na rangi yake," alisema, na akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu harusi.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amezichongea pale pale bandani, na Mativo akaziona. Wiki haijaisha, vijana wote wa banda wanachonga koni, zimepakwa rangi, zimezikwa, zimefukuliwa, na kila moja ina karatasi: "Ngoma ya mzimu wa wakati wa Wakamba wa kale." Ptuu! Nilimwambia Kiilu nenda ukamkataze. Akasema, "Ni shemeji yangu, na ni mwajiri."

Siku ya mashindano tulikaa nyuma ya ukumbi. Mativo alikuwa mbele kabisa na wageni wa heshima, suti na tai, kwa sababu eti banda lake ndilo lililotoa ngao ya mshindi. Nthambi akaeleza hesabu yake pole pole, bila kukwama, na watu wakampigia makofi. Jaji mmoja wa makamo akainama, akazigeuza zile koni mkononi.

"Binti, kitu hiki ninacho nyumbani," akasema. "Nilikinunua mjini, na karatasi yake inasema kina miaka mia moja. Wewe umeokota kinyago dukani, ukakibandika hesabu. Kanuni zinasema kifaa kitengenezwe nyumbani au shuleni."

Mwalimu Norah akasimama. "Baba yake ndiye aliyechonga. Mimi nilipima mwenyewe."

"Ni kweli!" nikapiga kelele. "Zimechongwa na mume wangu huyu hapa!"

"Mama, keti. Aseme mwenyewe."

Kiilu akasimama, kofia mkononi.

"Mzee, kazi hii ni yako?"

Lilihitajika neno moja tu. Lakini akisema ndiyo, basi kile cha nyumbani kwa jaji hakina miaka mia, kina miezi miwili, na kila mtu angetaka kujua kilitoka banda gani. Mativo akageuza shingo taratibu, akamtazama. Hakukunja hata uso.

Kiilu akaangalia kofia yake. Nilimfinya paja. "Sema, mwanamume! Sema!" Hakusema. Ukumbi mzima ukangoja, mtu fulani akakohoa.

Nthambi alikuwa jukwaani, macho kwa baba yake. Alimngoja, alimngoja sana. Kisha akamgeukia jaji.

"Nilizinunua," akasema. "Yule mzee mwacheni. Hahusiki."

Akazichukua koni zake mezani, akatoka kwa mlango wa pembeni, na mwalimu Norah akamfuata mbio.

Kiilu akaketi. Nilikuwa bega kwa bega naye, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.