Nilivyokamua Ndizi za Mama Adela

Sijui kama nafanya vizuri kuliandika hili, lakini namshukuru Mama Adela, na haki ni haki: hakunikosea, mimi ndiye ambaye sikuuliza.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza shambani kwake Biharamulo, kwenye nyumba ya enzi za Wajerumani aliyoikarabati. Kazi hiyo niliitafuta mwaka mzima. Pale hawanunui kitu. Maziwa, mboga, hata gesi ya kupikia, ya samadi, hutoka shambani. Basi akaniambia, "Kamua ndizi, keshokutwa nina wageni."

Uani nikakuta chombo kirefu cheupe, kimesuguliwa, kina tundu chini. Nikajisemea, kumbe Wajerumani nao walikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi kama wetu! Nikaziba tundu kwa ganda la mgomba, nikamwaga ndizi mbivu na nyasi za kutolea juisi, nikapanda kukanyaga huku naimba.

Mama akatokea na fundi bomba.

"Shikamoo mama," nikasema, juisi ikinifika vifundoni.

"Marahaba, mwanangu. Sinki langu la kuogea unalionaje? Fundi amekuja kulifunga bafuni."

Nikajua kazi imekwisha. Mama akachota kikombe, akanywa chote, akamgeukia fundi.

"Rudi Jumatatu, baba. Leo tumuache amalize kuoga."