Picha Niliyoibandika Jaladani

Niliondoka Kamembe kwa hasira, na sitamdanganya mtu kwamba nilikuwa natafuta elimu. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka mitatu nilikuwa naandika hadithi za mapenzi na mauaji katika madaftari ya shule, nikiwaazima wateja wangu wasome wakingoja nguo. Madaftari yalizunguka soko zima. Mengine yalirudi na mafuta ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, mengine hayakurudi kabisa. Siku moja mwalimu mmoja, mteja wangu, akaniambia mbele ya watu: "Fundi Rajabu, hii haiko kitabu. Kitabu banaiprinti. Hii ni mambo ya batoto ya shule." Watu wakacheka. Suruali yake niliikata fupi kidogo, Mungu anisamehe. Kisha nikafunga kibanda, nikaapa kwenda kujifunza vitabu vinatengenezwaje.

Jumatatu asubuhi niliteremka kwa miguu mpaka daraja la Rusizi. Vita vya pili vilikuwa vinaendelea ndani ya Kongo, lakini mpaka ulikuwa wazi na akina mama walivuka na mabeseni yao kama kawaida. Askari alifungua mfuko wangu akakuta madaftari sita.

"Hizi ni siri za nani?"

"Ni hadithi, afande. Ya mwanamke aliyeolewa mara tatu, na yeye anamtilia sumu kila mume."

Akasoma ukurasa wa kwanza amesimama palepale, akageuza wa pili, foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika. "Na wa tatu naye anakufa?" aliniuliza. Nikamwambia asubiri kitabu. Nilivuka mbao za lile daraja kichwa kimenivimba, nakiri.

Saa nne nilikuwa Bukavu, napanda matope ya Kadutu nikimuulizia Papa Deze. Huyu Papa Deze alikuwa mpiga picha. Chumba cha mbele kilikuwa studio, na pazia lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa. Chumba cha nyuma kilikuwa na mashine ya ronéo, ile inayozungushwa kwa mkono. Hapo ndipo alipotoa vijitabu vya hadithi vilivyouzwa sokoni kote Bukavu. Alipima madaftari yangu mkononi kama mtu anayenunua nyama. "Utakaa juma mbili," alisema. "Utanishonea mapazia, mi nitakufundisha."

Juma la kwanza nilijifunza, na kila siku nilitamani kumpiga. Papa Deze hakunisifu hata mara moja. Nilikuwa nimeandika kurasa saba juu ya kushona gauni la harusi: lesi, vifungo, namna kitambaa cheupe kinavyokataa jasho la mkono. Nilizipenda kurasa zile kuliko kitabu chote. Akazipiga mstari mwekundu, zote saba.

"Papa Rajabu, muntu ananunua kitabu yako juu ya kujua nani anakufa na nani analala na nani. Hakuna mwenye anauliza vifungo."

"Mimi nauliza!"

"Basi ujinunulie wewe peke yako."

Maiti wa kwanza, alinifundisha, aonekane kabla ya ukurasa wa tatu. Kila sehemu iishe mlango ukigongwa. Watu waseme, wasielezwe. Nilinuna, nikaandika upya, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba hadithi ilitengemaa. Ilikimbia. Binti aliyekuwa anachapa kwa taipureta stensili, karatasi za nta za ile mashine, alinisihi nimpe kurasa zinazofuata kabla hata wino haujakauka.

Juma la pili tuligombana juu ya mwisho. Mimi nilitaka yule mwanamke avuke ziwa, apotee, asionekane tena. Papa Deze alipiga meza. "Mubaya lazima afe! Batu bamelipa!" Nikamwambia si mbaya, waume zake ndio walikuwa wabaya. Akasema hiyo nikaieleze msikitini. Tulinuniana siku mbili. Siku ya tatu nikashindwa, nikamuua katika ukurasa mmoja, nikamwangusha kwenye maji ya Kivu na gauni lake la tatu la harusi. Nililia kidogo, kisha nikaenda kula.

Ijumaa, siku moja kabla ya kurudi, ilibaki picha ya jalada. Kwa Papa Deze picha haikuchapwa: alisafisha picha halisi kutoka kwenye negativi, nakala mia, kisha tukazibandika moja moja kwa gundi. Alinisogezea sanduku la bahasha. "Hizi ni foto za batu benye hawakurudi kuchukua. Chagua uso." Nilizimwaga mezani. Nyuso nyingi mno, za wazee, za watoto, za vijana waliojipaka poda. Nikachagua msichana mmoja mwenye jicho kali, shingo ndefu, anayemtazama mpiga picha kana kwamba amemuudhi. Alikuwa ndiye, bibi harusi wangu mwenyewe! Sikuuliza jina lake. Sikuuliza kwa nini hakurudi. Bahasha yenyewe sikuigeuza hata upande wa pili.

Jumamosi nilivuka daraja na vitabu mia moja kwenye mfuko wa sukari. *Bibi Harusi Mara Tatu*, kimeandikwa na Fundi Rajabu wa Kamembe. Yule askari alikuwa zamu. Nikampa kimoja bure, na mwalimu wa suruali nikampelekea chake nyumbani kwake, nikasimama mlangoni mpaka alipokifungua. Kamembe vitabu hamsini viliisha kwa siku nne. Nilijiona mtu.

Jumapili iliyofuata nilipanda Mibirizi kwa baiskeli na vile vilivyobaki, nikatandika kitenge kwenye njia ya watu watokao misani. Vijana wakanizunguka. Mmoja alikuwa ameanza kusoma kwa sauti, wenzake wanapiga makofi kila mume anapokunywa sumu, ndipo mama mmoja aliyebeba jembe na kapu akapasua katikati yao. Hakunisalimu. Alichukua kitabu kimoja, akakitazama, akachukua cha pili, cha tatu, akawa anavipanga chini kimoja kimoja kana kwamba anatafuta kilicho tofauti.

"Huyu ni Vestine," alisema.

"Hapana, Maman, huyu ni mtu wa hadithi tu."

"Usiniambie! Huyu ni Vestine, mutoto yangu. Iko wapi? Ulimupiga foto wapi?"

Kijana aliyekuwa anasoma akafunga kitabu. Mwenzake akaninong'oneza kwamba huyo ndiye Maman Vestine. Binti yake alivuka kwenda ng'ambo na umati ule uliokimbia Rwanda mwaka wa mauaji, na tangu kambi za wakimbizi za huko zivunjwe kwa vita, mwaka wa nne sasa, hakuna aliyemwona. Mama hajui kusoma. Akaniuliza kitabu kinasema nini kuhusu mtoto wake. Mbele ya watu wote wa Mibirizi nikakunja kitenge na vitabu ndani yake, nikapanda baiskeli.

Jumatatu alfajiri alikuwa ameshafika kibandani kwangu, miguu imejaa vumbi, kitambulisho mkononi. Sikumwalika. "Twende," alisema. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: kama picha ipo, basi kuna mtu aliyemwona mtoto wake, na mtu huyo anajua alielekea wapi. Darajani askari alitaka kunisifu kwa kitabu. Nikamwambia anyamaze, na Mungu alinilinda, hakukasirika.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa kwa Papa Deze. Nilimwambia alete bahasha ile. Akasema kuna bahasha nyingi, atajuaje. Nikapindua sanduku zima sakafuni, nikapiga magoti nikatafuta mwenyewe mpaka nikaipata. Nyuma yake, kwa mwandiko wake Papa Deze, iliandikwa: *Vestine, wa kambini. Atachukua Jumamosi.*

"Ulijua!" nilimfokea. "Ulijua wametoka wapi hawa!"

"Njo, ndiyo, nilijua. Juma ile njo bombe zilianza. Jumamosi hakukuja hata muntu moja. Ulitaka nitupe?"

"Ulitaka tuwafanye wauaji wa waume!"

"Wewe njo ulichagua," alisema Papa Deze, bila kupandisha sauti. "Mi nilikupa sanduku. Hukuniuliza."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nusu ya matusi yale nilikuwa najitukana mwenyewe. Maman Vestine hakutusikiliza. Alimshika Papa Deze mkono. "Alikuwa mugonjwa?" Papa Deze akafikiri, na nitamheshimu kwa hilo, hakumtungia jibu. "Sikumbuke, Maman. Batu balikuwa wengi. Nakumbuka tu alinigombeza, ati ninakawia."

Mama akacheka. Alicheka kweli, akapiga kofi. "Njo yeye! Njo Vestine!" Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya maporomoko yale ya rangi. Papa Deze alimpa negativi na picha zote zilizokuwa katika bahasha ile. Hakuna alichomdai.

Tukirudi, katikati ya daraja, aliniuliza tena kitabu kinasema nini. Nikamweleza hadithi yote, kwa sababu nilichoka kuwa mwoga. Waume watatu, sumu, ziwa.

"Kwa hiyo mwishoni anakufa."

"Ndiyo, Maman."

"Kwa kurasa ngapi?"

"Mmoja."

Akasimama. "Unaona? Wewe ulimumaliza kwa ukurasa moja. Mi niko na mwaka ya ine, na sijaweza."

Juma zima lililofuata nilizunguka Kamembe nyumba kwa nyumba, nikiloweka majalada kwa maji ya vuguvugu na kubandua picha. Wengine walinizomea. Mwalimu alikataa, akasema jalada ndilo zuri kuliko hadithi. Tulishikana mashati mpaka majirani wakatutenganisha, nikaondoka na picha, yeye akabaki na kitabu na kola iliyochanika. Pamoja na za vitabu vilivyokuwa havijauzwa nilipata themanini na tatu, nikampelekea Maman Vestine Mibirizi. Zile nyingine ziko mikononi mwa watu nisiowajua, na wanaposoma ukurasa wa mwisho wanamwona Vestine anazama.

Mnaoniuliza hapa nyumbani nilijifunza nini Bukavu, nimejifunza yote niliyofundishwa. Najua maiti wa kwanza akae wapi na mlango ugongwe lini. Sasa naandika tena, na vitabu vyangu vinatoka bila picha, vinauzwa polepole. Ila Maman Vestine hupita kibandani kila siku ya soko. Anaweka jembe chini, anaketi, ananiuliza kama nimeshabadilisha ule mwisho. Namjibu kwamba vitabu vimeshatoka, Maman, haiwezekani. Anasema sawa, na juma linalofuata anauliza tena.